Meli Haisimami Fanuchen

Onipwas, 9 Novemba 1992

Dada yangu Riako,

Salamu nyingi kutoka mjini. Mimi na wifi yako Sesina hatujambo, ila kiuno chake kinamsumbua, naye anasema dawa yake ni samaki wa kwenu, si hawa wa kopo.

Ama baada ya salamu, nina jambo. Mwezi wa tatu nitagombea ugavana. Usicheke, dada. Nakuona kabisa unavyoisoma barua hii, na huyo Nipwei jirani yako amekaa pembeni anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Mwambie mwalimu wa hesabu anautaka ugavana.

Miaka minane nimekaa bungeni kama mjumbe wa visiwa vya nje. Miaka yote hiyo, tukiingia ukumbini, wajumbe wa kisiwa kikubwa hunong'onezana, "Wamefika watu wa mbata," kisha wanacheka. Barabara ni zao, umeme ni wao, hospitali ni yao. Sisi tuna meli moja, nayo huja ikijisikia. Unakumbuka mama alivyokufa: amelazwa kwenye banda la ufukweni, nguo zake zimeshafungwa, macho yanatazama baharini.

Naibu wangu atakuwa Hiroki Wanis, mtu wa hapa mjini. Najua sura yake haikupendezi. Bila yeye sipati kura za kisiwa kikubwa, na bila visiwa vyetu yeye naye si kitu. Tumepatana.

Lakini siwezi kumwendea Chifu Soram kabla wewe hujasema. Ardhi ni ya kina mama, na wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Ukinikatalia, hata nikishinda nitakuwa gavana asiye na kwao. Nikubalie. Nikiapishwa, meli itafika Fanuchen kila mwezi, bahari ichafuke au itulie.

Mdogo wako,
Machime

*

Fanuchen, 17 Januari 1993

Kaka yangu Machime,

Barua yako imefika juzi, na naijibu haraka kwa kuwa meli inaondoka kesho.

Ungekuwa hapa mbele yangu ningeinama kama dada anavyopaswa kumwinamia kaka yake, ingawa mgongo uliokubeba ni huu huu. Ningesema "sawa, kaka," nikafunga mdomo. Bahati mbaya yako uko mbali. Karatasi haina adabu, kwa hiyo nitasema.

Niliwaita wanawake wote wa ukoo nyumbani kwangu. Nipwei ndiye aliyeanza: "Akishakuwa gavana atakumbuka njia ya kwao kweli, au tutakuwa tunamwona kwenye kalenda tu?" Tulicheka mpaka magimbi yakaungua. Kisha tukazungumza kwa dhati. Wengine walimtaja huyo Wanis. Baba yake ndiye aliyekuwa anatupunja kwenye mizani ya mbata, wala hawajasahau. Nikawaambia, Machime si mtoto, anajua aliyekaa naye. Mwishowe tumesema ndiyo. Chifu Soram nimeshamwona, na vijana wameanza kutunga wimbo wako. Una maneno ya kipuuzi lakini sauti yake tamu.

Ila sikiliza. Usiahidi meli. Ahidi kitu kidogo, ahidi madaftari ya shule, ahidi bati za zahanati. Ukimwahidi mtu wa kisiwani meli, umemfundisha kutazama baharini, na mtu anayetazama baharini halimi.

Mwanangu Anesi anasema mjomba wake akishinda ataomba akasomee kazi ya zahanati. Nimemwambia asikuvamie mapema. Ameshaanza kukunja nguo.

Dada yako,
Riako

*

Onipwas, 2 Mei 1993

Dada,

Naandika nikiwa kwenye kiti ambacho ni kikubwa kuliko mimi. Tumeshinda!

Mmesikia redioni, lakini redio haikusema yote. Mpaka siku ya mwisho nilikuwa nyuma. Watu wa mjini walishaanza kumpongeza mpinzani wangu, na Wanis alikuwa amenuna kwenye gari lake. Ndipo likafunguliwa sanduku la Fanuchen. Karani akasoma: Machime. Machime. Machime. Akasoma mpaka ukumbi mzima ukaanza kuitikia naye, hata wapinzani wangu, kwa kucheka. Hakuna kura hata moja iliyopotea. Dada, nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha ukumbi ili wasinione.

Meli itafika mwanzoni mwa mwezi ujao, na itafika mwezi unaofuata, na unaofuata. Nimeweka sahihi mwenyewe. Ulinikataza nisiahidi, nami nikaahidi. Sasa ni juu yangu kukuaibisha kwa kutimiza.

Anesi amefika salama. Anakaa nasi na anakwenda darasani hospitalini kila siku. Mkufunzi wake analalamika kwamba anauliza maswali mengi. Nimemjibu, hiyo ni damu, haina tiba.

Gavana (nacheka ninapoliandika),
Machime

*

Fanuchen, 11 Februari 1994

Kaka yangu,

Nilikuwa nimeapa sitakusifu mpaka mwaka upite. Haujapita, lakini kiapo kimenishinda.

Meli inakuja. Kila mwezi inakuja. Watu wameanza kuzoea na wanalalamika kama watu wa mjini: mchele wa safari hii mgumu, mafuta ya taa yana harufu. Mbata haziozi ghalani. Mtoto wa Kirion aliyevunjika mkono alipelekwa akarudi mzima, na sasa hataki kupanda minazi, anataka kuwa nahodha. Chifu Soram ametoa amri kwamba atakayekusema vibaya atafagia njia nzima ya kijiji. Mpaka leo aliyefagia ni Nipwei peke yake.

Anesi amerudi na koti jeupe. Siku ya kwanza aliwapanga watoto wote wa kisiwa mbele ya zahanati na kuwaosha vidonda kwa dawa ya zambarau. Kisiwa kizima kilikuwa na madoa. Wazee wanamwita "daktari" kwa utani, lakini wakimwita wanakaa wima.

Nakiri sikuamini. Mama angekuwepo angekuita kwa jina la baba yake.

Riako

*

Onipwas, 20 Machi 1995

Dada Riako,

Barua hii inakuja na boti ya doria ya polisi, kwa hiyo itakuwa fupi.

Meli imepelekwa Guam kutengenezwa. Vyuma vya chini vimeliwa na kutu na mafundi wanasema itachukua muda. Nakuomba uwatulize watu, hasa Chifu. Waambie ni jambo la miezi michache.

Huku mambo si mepesi. Mji hauna umeme wa kutosha, bunge lina kelele, na Wanis hapokei tena salamu zangu kama zamani. Lakini hayo ni ya siasa, yasikusumbue.

Mpe Anesi boksi hili la dawa. Si kubwa, najua.

Machime

*

Fanuchen, 14 Juni 1995

Kaka yangu,

Tumepokea. Nimewaeleza watu, nao wameelewa: chombo cha chuma kikiugua lazima kiende kwa fundi.

Sisi wazima. Mwezi wa tano bahari ilipanda kidogo na kuingia kwenye mashimo ya magimbi, lakini si jambo la kukunyima usingizi. Shelisheli zitaiva karibuni. Kuna meli ya kuvua jodari imesimama kuomba madafu, nahodha wake amekubali kuchukua barua. Nakutumia na furushi la shelisheli kavu, lile tulilohifadhi, ule na wifi. Najua mjini hamna.

Fanya kazi zako kwa utulivu. Usimpe mtu nafasi ya kusema ndugu zako wanakulilia.

Dada yako,
Riako

*

Fanuchen, 23 Agosti 1995

Machime,

Meli iliyoko Guam imepita hapa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua limeshapanda. Watoto ndio walioiona kwanza. Wakapiga kelele, "Meli! Meli!" na kisiwa kizima kikamwagika ufukweni. Wanaume wakabeba magunia ya mbata, yale ambayo hayajaoza. Kirion akawasha boti yake kwa petroli ya mwisho. Nipwei na magoti yake yale alikimbia. Anesi alikuwa amewatoa wagonjwa wawili kwenye zahanati na kuwaweka kwenye machela.

Ilipita nje ya mwamba. Haikupunguza mwendo. Tuliona rangi yake nyeupe na mstari wa buluu, na nyavu kubwa za kuvulia zimerundikwa nyuma. Kirion aliifuata mpaka akakaribia, akapunga shati. Kuna mtu juu alimpungia mkono naye. Alidhani ni salamu!

Tulisimama pale mpaka ikazama upande wa kusini. Kisha Chifu Soram akanigeukia mbele ya watu akaniuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma: "Riako, mdogo wako alisema iko wapi?"

Barua yangu ya mwezi wa sita ilikuwa ya uongo. Bahari haikupanda kidogo. Iliua magimbi yote; mashimo yananuka mpaka leo. Lile furushi nililokutumia lilikuwa la mwisho nyumbani kwangu. Nilikuficha ili usiaibike huko mbele ya watu wako. Kumbe nawe ulikuwa unanificha. Tumefichana vizuri, tumefanana.

Sasa watoto wanaharisha. Anesi analala zahanati. Akiita kwenye redio, ofisi yako inamjibu, "Meli haipo, subirini." Na redioni visiwa vyote vinasikiliza, kwa hiyo visiwa vyote vinajua mpwa wa gavana anajibiwa nini.

Niambie ukweli. Barua hii anaileta padri kwa mkono wake.

Riako

*

Onipwas, 15 Septemba 1995

Dada,

Padri alinikabidhi barua yako na hakunywa hata maji.

Ni kweli. Meli haikwenda Guam. Niliikodisha kwa kampuni ya uvuvi kwa mwaka mmoja, nao wananipa dizeli ya mitambo ya umeme. Nilikuandikia uongo kwa sababu sikuwa na maneno ya ukweli.

Nisikilize kabla hujaichana karatasi. Mwezi wa pili mji wote ulikuwa giza. Hospitalini mama mmoja alijifungulia kwenye mwanga wa tochi, na mtoto aliyekuwa kwenye mashine ya kupumulia alikufa jenereta ilipozima. Mama yake alikuja na maiti mpaka mlangoni kwangu, dada, akaiweka kwenye ngazi akaondoka. Bungeni Wanis alishakusanya kura za kuning'oa. Alikuwa anasema, "Mtu wa mbata anaendesha meli huku sisi tunalala gizani." Ningeng'olewa, yeye angekaa kwenye kiti hiki, na hapo msingeiona meli milele.

Nikachagua. Watu wengi wa mjini dhidi ya watu wachache wa visiwani. Mwalimu wa hesabu alipiga hesabu. Sikujua kuhusu magimbi. Ungeniambia ningefanya kitu.

Nimetuma mchele, dawa na petroli kidogo kwa boti ya doria. Mkataba wa kampuni unaisha mwezi wa pili. Vumilieni mpaka hapo, nakuomba.

Mdogo wako,
Machime

*

Onipwas, 4 Desemba 1995

Dada yangu,

Nimemkataza katibu asiiandike hii. Naiandika mwenyewe, unisamehe mwandiko.

Msako umesitishwa jana. Ndege kutoka Guam ilitafuta, meli tatu za uvuvi zilitafuta, na meli yetu niliivunjia mkataba ikatafuta pia. Tumeona pipa moja la petroli na ndara. Boti hatukuiona.

Nilivyoelezwa ni kwamba Neisa, mke wa Kirion, alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Anesi akaomba meli redioni, akaambiwa haipo. Akaamua kumchukua Neisa kwenye boti ya Kirion, Kirion mwenyewe akiendesha, waje huku. Injini lazima iliwafia katikati. Upepo wa wiki ile ulikuwa unasukuma magharibi.

Dada, yule alikuwa mpwa wangu. Kwa desturi yetu ni mtoto wangu kabla hajawa wa mtu mwingine. Sesina hajala.

Machime

*

Fanuchen, 9 Januari 1996

Machime,

Meli ilifika hapa ikiwatafuta. Ilitia nanga vizuri, ndani ya mwamba, mahali pake pa zamani. Mabaharia walishuka na mchele. Watu walisimama tu wakiitazama, na Nipwei akasema, "Karibu. Wagonjwa wameshaondoka."

Nitakueleza yale ambayo hukuelezwa. Anesi hakuita mara moja. Aliita asubuhi, aliita mchana, aliita jioni, na kesho yake tena. Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye nimemshika Neisa. Mara ya mwisho hakuzungumza na karani. Alisema, "Mjomba, kama uko hapo, hii si siasa. Mtoto ametoa mkono kwanza. Sina uwezo. Nitumie chombo chochote." Akaachilia kitufe akasubiri. Tukasikia mtu anapumua upande wa pili. Kisha karani akasema, "Gavana yuko kwenye kikao."

Anesi alivua koti jeupe akalitundika. Nilimwambia, "Mwanangu, subiri kuche vizuri." Akaniambia, "Mama, sisi tumesubiri sana, hata mtoto huyu tumboni amechoka." Hakuwa na hasira. Alinicheka kidogo. Wakaondoka.

Nina swali moja nawe. Ulikuwepo chumbani?

Riako

*

Onipwas, 12 Desemba 1996

Dada Riako,

Nimekuandikia mara nne mwaka huu na hujajibu. Sikulaumu.

Meli imerudi kwenu, nadhani unaiona. Haiji kila mwezi, lakini inakuja. Umeme wa mji umetulia. Kura ya kuning'oa ilishindwa na Wanis amejiuzulu. Sasa anagombea dhidi yangu. Uchaguzi ni mwezi wa tatu.

Nataka kuja Fanuchen kabla ya hapo. Nataka kuja kuomba msamaha kwa desturi, mbele ya ukoo na Chifu, kwa magoti, na vitu vyote vinavyotakiwa. Nimeshaandaa mikeka, vitambaa na injini mpya ya boti kwa jamaa wa Kirion. Wazee wa hapa wanasema nimechelewa, na ni kweli.

Nikubalie nije.

Mdogo wako,
Machime

*

Fanuchen, 3 Januari 1997

Machime,

Njoo mwezi wa nne.

Ukija mwezi wa nne, uwe umeshinda au umeshindwa, nitajua umemjia nani. Ukija kabla, nitakuona umepiga magoti lakini sitajua unaangalia wapi, kwangu au kwenye sanduku. Unajua kwamba mtu akishapiga magoti hapa kwetu hatuwezi kumkatalia. Usinifunge kwa desturi yangu mwenyewe.

Na swali langu hujalijibu.

Riako

*

Onipwas, 21 Aprili 1997

Dada yangu mpendwa,

Tumeshinda tena! Safari hii kwa kura nyingi, hata mjini. Asante kwa Fanuchen.

Najua uliniambia mwezi wa nne. Nilikuja mwezi wa pili kwa sababu moyo ulishindwa kungoja, na washauri nao waliona ni vyema. Yule mpiga picha sikumleta mimi. Hata hivyo, uliponiinua pale mkekani nilihisi nimezaliwa upya, na wote waliokuwepo walilia. Picha ile imewekwa kwenye ukuta wa bunge. Watu wanaiangalia na kusema, hivi ndivyo tulivyo, watu wa kusameheana.

Sasa nina zawadi kwako, nami nimeipigania bungeni mpaka ikapita. Kuanzia mwezi ujao meli ya jimbo itaitwa *Anesi*. Jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa pande zote mbili. Litapita kwenye kila kisiwa, na kila mtoto atalijua. Hatasahaulika kamwe.

Baada ya miaka miwili huenda nikagombea bunge la Shirikisho, lile la nchi nzima. Wananiambia wakati ni huu.

Kaka yako,
Machime

*

Fanuchen, 16 Novemba 1997

Machime,

Nimechelewa kujibu, na meli nayo imechelewa. Unaijua, ile yenye jina la mwanangu.

Kwanza kura. Fanuchen imekupa zote isipokuwa moja. Usimsumbue Chifu kumtafuta mtu huyo, ni mimi. Wengine walikupa kwa ajili ya mchele, wengine kwa ajili ya ile injini, na mzee Soram amesema, "Tumchague, anatujua, mwingine atatuumiza bila hata kutujua majina." Siwalaumu. Mtu mwenye njaa hachagui, anapokea.

Pili, ule msamaha. Nilikuinua, ndiyo. Ulilala kifudifudi mbele ya ukoo wote na kamera inabofya, ningefanya nini? Niliyatamka maneno yanayotamkwa. Nilipoinama kukushika mabega ulininong'oneza, "Nilikuwepo, dada. Nilimsikia." Watu walidhani unalia, wakalia nawe. Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, na sijamwambia mtu, hata Nipwei. Ulisubiri mpaka nikushike, nisiweze kukuachia, ndipo ukalisema. Ungeliandika. Kwenye karatasi ningeweza kulijibu.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Kisha ikaja zawadi yako.

Mwezi wa sita ilifika, imepakwa rangi mpya, jina linang'aa. Nikakaa ndani nikalia, na nakuambia kweli, ilikuwa pia faraja. Mwezi wa saba haikuja. Nikasikia majirani ukumbini, "Anesi hajaja." Mwezi wa nane haikuja. "Anesi anatudanganya." Mwezi wa tisa ilikuja, mchele umelowa maji ya chumvi, na mama mmoja kijana, wala hana ubaya, akatupa gunia chini akasema, "Huyu Anesi hana maana kabisa." Akanigundua nimesimama nyuma yake. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nikamwambia si kosa lako, mwanangu.

Wiki iliyopita watoto walikuwa wanacheza ufukweni na wimbo: *Anesi haji, Anesi haji, Anesi kapita mbali.* Wengine kati yao ni wale aliowaosha vidonda. Walikuwa wadogo mno, hawamkumbuki. Anesi wanayemjua wao ni wa chuma.

Mwanangu aliitwa, akaenda. Hilo ndilo jambo moja alilofanya duniani ambalo mtu hawezi kulipinga. Nawe umelichukua jina lake ukalipa kitu kinachoitwa na hakiji.

Basi jana meli ilitia nanga. Nilichukua kopo la rangi nyeupe iliyobaki ya zahanati, nikamwambia kijana wa Kirion anipeleke kwa ngalawa. Nipwei akasema haniachi niende peke yangu, akapanda na brashi ya pili, na magoti yake yale. Tukaanza upande wa kushoto. Nahodha Iakop alitoka akatuinamia kutoka juu, akauliza, "Mama Riako, mnafanya nini?" Nikamjibu, "Tunasafisha." Kisha akasema ana kazi upande wa pili, akaenda. Tulipozunguka upande wa pili, akakumbuka kazi upande wa kwanza.

Herufi zako ni kubwa, zimetuchukua mchana kutwa. Nipwei alifuta ile ya mwisho, akachovya brashi baharini, akasema, "Sasa itukanwe kwa amani."

Nahodha ananiambia hiyo ni mali ya jimbo na kuna sheria. Sawa. Usilirudishe jina hilo, Machime. Likirudi nitalifuta tena, na nikifa wapo wengine wenye brashi. Na kama utataka nikamatwe, leta polisi. Walete kwa meli, tafadhali. Angalau mwezi huo tutakuwa na uhakika itakuja.

Riako